Kamashini ka Papa Masika

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 3 mwezi wa kumi na moja

Nimemuogesha, nimemuvalisha tricot ya kijani, nimemuweka kwa kiti karibu na dirisha. Kama kila siku. Fufu, mboga ya lengalenga, samaki kidogo. Nikamutilia écouteurs mu masikio, nikabonyeza kamashini ka muziki. Mukono yake ya kushoto ikaanza kupima wimbo juu ya goti. Halafu ikaanguka. Kamashini kamezima.

Nikabonyeza tena. Kakawaka, kakazima. Papa Masika akafunga kinywa. Kijiko ikabakia mu mukono yangu.

Niandike vizuri, juu hii mambo inanichoma. Tangu ugonjwa imupige, bwana yangu hasemi. Upande ya kuume imekufa. Na kula amekataa. Chakula inapita tu wakati anasikiliza nyimbo zake. Alikuwa maître wa chorale, mwalimu wa waimbaji, kule Beni, mbele tukimbilie hapa Butembo. Hakuandika noti hata moja. Alijifungia mu chumba na kale kamashini, alikanunua ku Kasindi na kamikro kake, akaimba soprano, alto, tenor, basse, zote yeye mwenyewe, kamashini kakashika sauti. Chorale ikajifunza na masikio. Misa nzima iko mule. Fasi ingine hakuna.

Donc kamashini kakikufa, misa imekufa. Na yeye atakufa na njaa mbele ya macho yangu. Hapana. Sikubali. Kesho naenda kwa fundi.

Siku ya pili, tarehe 4

Fundi wa karibu na soko. Mutu ya haraka. Akaunga kamashini ku ordinateur yake, ordinateur ikauliza kitu. Nikasema: inauliza nini? Ati inataka ifute kwanza yote yenye iko ndani, njo ipatane na kamashini. Na kidole yake ilikuwa imeshafika pa kubonyeza ndiyo!

Nikachomoa câble. Nikapiga kelele, batu ba barabarani bakageuka. Fundi akasema, "Mama, tulia, nitakutilia nyimbo zingine mupya." Zingine! Nikamuambia abakie nazo.

Nimerudi na miguu. Alama ya betri imekuwa nyekundu. Hakukula. Uji kidogo, nayo imetoka pembeni ya midomo.

Siku ya tatu, tarehe 5

Mvua tangu asubui. Courant hakuna, na panneau ya kutoa umeme haioni jua. Sikufanya kitu.

Masika amepiga simu toka Beni. Mutoto yetu ya kwanza, ameolewa kule. Anasema chorale itaimba misa ya baba yake hii siku ya Mungu, na batenor bamesahau sehemu yao. Kakule, mwenye anaongoza sasa, anaomba nyimbo. Nikamujibu: mutazipata, nitazileta mwenyewe. Nilisema hivyo na sina kitu mu mukono. Kichwa nguvu kama yangu, Mungu anaihurumiaga tu.

Siku ya ine, tarehe 6

Nimepata mutu. Kavugho, binti mwenye anafanya photocopie mbele ya shule. Hakukimbia. Alitazama kwanza. Ordinateur ikauliza ile swali yake mubaya, akaikatalia. Akafungua kamashini kama vile mutu anafungua kabati, akanionyesha. Nyimbo ziko, lakini zimefichwa ndani ndani, na majina yake imepotea. Kila moja inaitwa herufi ine za ovyo. "Mama, kukopi nitakopi. Mais ipi ni ipi, hapo sijui." Nikamuambia: kopi tu.

Shida: tundu ya câble imelegea. Ukiachilia kidogo, inakatika, anaanza upya. Basi nikashika mimi. Kidole gumba juu, sikusogea. Wateja baliingia, balitoka. Mama mumoja akaniuliza kama niko naombea ile kitu. Nikamuambia ndiyo, na wewe ombea. Kidole ikafa ganzi. Mukojo ikanibana, nikaivumilia.

Imeisha jua ikielekea kuzama. Zote. Kavugho akahesabu mara mbili juu nimemulazimisha. Kisha nikaachilia, kamashini kakazima, hakakuwaka tena. Nililia pale pale, kati ya makaratasi ya batu. Nilikuwa na furaha sana.

Siku ya tano, tarehe 7

Aibu. Aibu kabisa.

Tumekaa ku bureau ya Kavugho kusikiliza nyimbo, juu ya kuzipatia majina. Mimi sikuzisikia hata siku moja, kila mara zilikuwa mu masikio yake yeye, na tulikimbia Beni misa ikiwa haijaimbwa mu kanisa. Kavugho akafungulia. Papa Masika anaimba Utukufu, polepole, sauti nzuri kabisa. Halafu toka mbali, mwanamuke anabweka: "Papa Masika! Chakula inapoa!" Ni mimi. Naye anaacha wimbo katikati, anajibu "Nakuya!", kama vile anakuja kweli, ananyamaza kidogo, anaendelea fasi aliachia. Na hakukuya, ninakumbuka vizuri. Nilikuwa nakula peke yangu.

Wimbo ingine, mimi tena. Ingine, nagombana na mbuzi ya jirani. Ingine, sufuria imeanguka na nimetukana. Mu misa! Kavugho alicheka mupaka akalaza kichwa kwa meza.

Walau zile kelele zimetusaidia, juu nyimbo zingine anaimba bila maneno. Ile mbuzi ya jirani ilikuwako mwaka alitunga Bwana Utuhurumie. Mabati yenye kulia na mvua ni ya nyumba yetu ya kwanza kule Beni, donc Mwanakondoo. Hivyo hivyo mupaka kila wimbo ikapata jina yake.

Halafu nikamuambia Kavugho: toa sauti yangu. Kata yote, na jibu yake pia, na zile nyimbo chafu ufute. Siwezi kwenda Beni kubwekea batu ba kanisa. Akanitazama. Akasema sawa. Nikamuachia nyimbo azifanyie kazi, jioni akaniletea flash safi na kasanduku ka sauti ka kuazima.

Nimemuwekea Papa Masika Utukufu safi. Mukono ikapima, ikapima, macho yake ikawaka. Ikafika ile fasi. Akageuza kichwa kutazama mulango ya jikoni. Wimbo ikampita. Akagonga meza na ngumi. Kinywa akafunga.

Nikamugombeza. Nikasema nimeua kidole yangu juu yako, unataka nini tena? Akatazama dirisha. Nimejuta, mais maneno ilikuwa imeshatoka.

Siku ya posho, tarehe 8

Beni. Kahindo, ndugu yangu mwanamuke, amebakia naye ku nyumba. Nilifunga flash mu pembe ya kitenge, nikaifungia kwa kiuno. Taxi ilisimama ku barrière, askari bakapekua mifuko yote. Kiuno ya mama muzee hakuna mwenye aliigusa. Tulifika.

Chorale ilikuwa mu kanisa, répétition, mazoezi ya mwisho. Kakule akaunga flash ku baffle, sanduku kubwa ya sauti. Utukufu ikaanza, bakaimba pamoja nayo, nikasema Mungu wangu, imewezekana. Kisha ikavurugika. Nusu bamenyamaza, nusu banaendelea, flash inakimbia peke yake. Bakaanza tena. Ikavurugika fasi ile ile.

Kakule akazima. Akaniuliza kwa heshima zote: "Mama, fasi ya chakula iko wapi?"

Sikuelewa. Babinti ba soprano bakaanza kuchekelea mu mikono. Basi akawaambia bazime machine, baimbe vile banajua. Bakaimba. Kufika katikati, chorale nzima ikanyamaza, bakavuta pumzi, na mutu mumoja wa basse akasema chini chini, "Nakuya." Bakaendelea. Na ilikuwa nzuri! Ile kimya njo inafanya wimbo isimame vizuri.

Kakule alinieleza. Wao walijifunza na kelele zangu ndani. Siku moja alitaka kuziruka, maître akakataa. Aliwaambia: hapa munapumuzika, hii fasi bibi yangu njo aliitengeneza. Babinti benye sijaonana nao hata siku moja banajua sauti yangu. Nilipowasalimia ku mulango, bakatazamana. Kumbe!

Miaka yote nilizani namuchokoza. Kumbe alikuwa ameniweka mu misa.

Nikaketi kwa benchi. Nikakumbuka mukono ya kushoto, kichwa yake inageukia jikoni. Hakuwa anangoja wimbo. Alikuwa anangoja nimuite. Na njia ya kujibu hana tena, ile yake ya mwisho iko mule ndani, neno moja, na mimi nimeambia mutu aikate. Aifute!

Nimepigia Kavugho. Simu yake imezimwa. Nimepiga tena na tena. Nimelala kwa Masika, mais si kulala.

Siku ya Mungu, tarehe 9

Sikungoja misa. Kakule amesema batenor bameshakumbuka, niende. Taxi ya kwanza. Bureau ya photocopie imefungwa, bila shaka, siku ya Mungu. Nikauliza jirani, ati Kavugho ni muprotestanti, anasali kule juu. Nikapanda. Balikuwa ndani, mahubiri haiishi. Pasta ule anapenda kusema! Nikasimama inje na vumbi ya safari mpaka bakatoka.

Mbele nifungue kinywa akasema, "Mama, sikufuta. Nilijua utarudi."

Nilimukumbatia karibu nimuvunje. Tumefungua bureau hapo hapo na nguo zake za kanisa. Ametengeneza flash tatu, na kelele zote ndani, mbuzi, sufuria, na matusi pia. Moja ni ya chorale. Moja anabakia nayo mu tiroir ya meza yake, yeye mwenyewe ameomba. Moja iko mu kopo yangu ya maharagi, ndani ya nailoni. Sasa nyumba iungue, mimi nikufe, nyimbo zitabakia.

Masika amepiga simu. Anasema baliimba vizuri sana na batu balilia. Nilifika ku nyumba nikamukuta Papa Masika amelala. Kahindo anasema hakugusa kitu tangu jana.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Jua ndogo. Nimemuogesha, nimemuvalisha. Fufu, lengalenga, maharagi. Écouteurs hapana. Kasanduku ka sauti kwa meza, sahani mbele yake, kijiko upande ya kushoto.

Nimewekea Utukufu, nikarudi jikoni.

Mwanamuke akaita mu kasanduku. Bwana yake akajibu, "Nakuya!" Halafu ile kimya ndogo. Mu ile kimya nikasikia kijiko inagonga sahani.

Sikutoka kwanza, sikutaka anione vile niko. Chakula ilikuwa ingali moto.