Bingwa na Mahameli ya Ukumbi

Tarehe 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limepungua kuuma, na kwamba ile dawa unainywa, si kuitazama tu. Mimi mzima wa mwili. Roho ndiyo imechoka.

Kazi ya kushona mapazia bado naipenda. Aliyenichosha ni mkata vitambaa wetu, Bingwa. Jina kajipa mwenyewe. Akikata yeye, ni kipaji. Nikikosea mimi mshono mmoja, karakana nzima inaitwa ije kutazama. Juzi nilibuni mkunjo mpya wa pazia nikamwonyesha. Kesho yake namsikia anamweleza bosi kwamba ulimjia akiwa anaoga.

Kila mtu hapa ana dawa yake. Mpiga pasi humvika kilemba cha ukoka ili aachwe na amani yake: "Bingwa, leo umetuacha mbali." Mama wa vifungo amejifanya kiziwi, na Bingwa anaamini kweli hasikii. Mimi nalia chooni. Sasa bosi anatafuta msimamizi wa karakana. Akiwekwa huyu, naacha kazi.

Mwanao

Tarehe 11 Machi

Binti wa kaka yangu,

Marahaba. Goti lipo, linaniamkia kila asubuhi kabla yenu nyote. Dawa nakunywa, nawe acha umbea.

Wanaojimwambafai wako kila mahali. Hapa jikoni shuleni tunaye mmoja, akichemsha maji anataka apigiwe makofi. Wewe funika kombe mwanaharamu apite. Usimsifu, usimkosoe. Patana na wenzako mfanye hivyo wote, maana ukiwa peke yako atakugeuza kitoweo.

Na chooni usilie tena. Nililie mimi humu kwenye barua, nina nafasi.

Shangazi yako

Tarehe 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Nimekaa kimya kwa sababu sikujua nianzie wapi.

Ushauri wako tuliufuata, tukauzidisha. Hakuna kumsifu Bingwa, hakuna kumkosoa. Mwanzoni tulistarehe. Alikuwa anasimama katikati ya chumba na kazi yake mkononi, anatutazama mmoja mmoja, nasi tumeinamia vyerehani. Ikafika mahali nikamhurumia. Mtu mzima yule, anazunguka akitafuta wa kumwambia "vizuri".

Halafu ikaja mahameli nyekundu ya mapazia ya ukumbi wa mikutano. Mahameli ina manyoya: ukiipapasa huku inang'aa, ukiipapasa kule inafifia. Vipande vyote lazima vielekee upande mmoja, la sivyo pazia moja litaonekana jipya na la pembeni yake limechujuka. Bingwa alitandika nusu ya kitambaa kichwa chini. Kila mtu aliona. Mpiga pasi akanikonyeza. Wakamwacha ashike mkasi, wakitaka aumbuke mbele ya bosi. Nami nilitaka, sikufichi.

Lakini mteja yule akiondoka, kuna watu hapa watakosa kazi, na mama wa vifungo atakuwa wa kwanza. Nikaweka kiganja juu ya kitambaa, nikamwambia, "Kaka, huku imegeuka." Akanifokea, eti namfundisha kazi. Kisha akaipapasa mwenyewe. Akaigeuza.

Jioni akamwambia bosi kwamba kosa aligundua yeye. Na wenzangu hawanisemeshi tena, wananiita Mke wa Bingwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwezi huu ukiisha, naondoka.

Mwanao

Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila barua yako imeninyima hamu ya kula.

Nilikushauri nusu. Kumnyima mtu sifa ni jambo moja. Kumwacha atumbukie na nyumba nzima ni jingine, na mimi sikukutenganishia. Umetenganisha mwenyewe. Wenzako wananuna kwa sababu wanajua ulichofanya kiliwapasa wao. Ukitaka kuja, njoo, mlango haujawahi kufungwa kwako. Ila usije kwa sababu ya aibu isiyo yako.

Shangazi yako

Tarehe 30 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka kazini, saa ya mapumziko.

Juzi bosi alitukusanya kuchagua msimamizi. Bingwa akasimama akaanza hadithi ya mahameli, jinsi jicho lake lilivyouokoa ukumbi. Mimi nilitazama sakafu. Mpiga pasi akaweka pasi chini. "Bosi, aliyesema ni huyu dada. Na sisi tulikuwa tumeona kabla yake, tukanyamaza makusudi ili Bingwa akate." Mama wa vifungo akasema, "Hata mimi." Kisha wengine, mmoja mmoja. Ili wanitetee, Shangazi, ilibidi wajishtaki wenyewe.

Bosi alikasirika vibaya. Uchaguzi ameuahirisha, na wote amewanyima Jumapili yao mpaka mapazia yaishe. Mimi kaniacha nipumzike. Bingwa alikaa juu ya jora la kitambaa akasema kwa sauti ya chini, "Ningeona tu." Hakuna aliyecheka.

Leo ni Jumapili. Nimekuja hata hivyo, nikasogeza cherehani yangu karibu na za wenzangu. Mama wa vifungo amenipisha nafasi, machozi yakanitoka hadharani.

Baadaye Bingwa alikuja na vipande viwili, anatazama dirishani kana kwamba anaongea na mtu wa nje. Akaniuliza, "Hivi vimeelekea sawa?"

Nikavipapasa. Nikamwambia ndiyo, ni vizuri. Nadhani nitabaki.

Mwanao