Uwanga Katika Kopo la Amal

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Rawiya Shuaib Nabhan. Umri: miaka 31. Kazi: mpimaji wa vyakula. Makazi: Langoni, Lamu.

Mnamo tarehe 6 Mei 2024, Koplo Ian, anayeniandikia maelezo haya, aliniletea kopo la maziwa ya unga ya watoto wachanga, lililokwisha kufunguliwa. Alinieleza kuwa mtoto Amal wa Ndau, wa miezi minne, haongezeki uzito. Mama yake amelazwa Mombasa, naye analelewa na nyanya yake, Bi Mwanamkisi. Baba mtu, Madi, alimshtaki mwenye duka, Bwana Idarus, kwa kumuuzia maziwa bandia. Idarus alikuwa ameshawekwa ndani.

Niliupima unga kwa mashine ya infraredi. Humulika unga kwa mwanga usioonekana kwa macho. Mafuta, protini na wanga kila kimoja huunyonya kwa namna yake, na mwanga unaorudi hutuonyesha kilichomo na kiasi chake. Protini ilikuwa nusu ya inayotakiwa. Wanga, yaani stachi, si sukari ya maziwa, ulikuwa mwingi, na maziwa yale hayatakiwi kuwa nao kabisa. Nilikasirika, sifichi. Nilimwambia Koplo kwamba aliyefanya hivi asiachiliwe.

Kesho yake Koplo alileta kopo jingine la katoni ileile kutoka dukani, halijafunguliwa. Nililipima, nikarudia. Halikuwa na kasoro. Hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Leo, tarehe 8, tulikwenda Ndau na mashine; ni ndogo, huingia mkobani. Bi Mwanamkisi alitukaribisha kwa kaimati kabla hatujasema kitu. Nilimwomba anionyeshe anavyotengeneza maziwa ya mtoto. Alifungua kopo jipya, akamimina yote bakulini, akachanganya na uwanga kiasi kilekile. Uwanga ni ule unga mweupe wa uji wa wagonjwa na watoto. Aliuchekecha mwenyewe, laini kabisa. Kisha akalijaza kopo tena kwa mchanganyiko ule.

"Maziwa matupu ni mai tu, mwanangu," aliniambia. "Uwanga hushibisha. Wanangu wote nimewakuza nao."

Wanawe walikuwa wakinyonya pia. Amal hana kingine ila chupa. Alikuwa akilala fofofo, tumbo limejaa, mwili una njaa.

Sikuwa na moyo wa kumwambia. Nilipima mbele yake maziwa ya kopo jingine peke yake, kisha mchanganyiko wake, nikamwonyesha protini ilivyoshuka. Alitazama sana.

"Kwa hivyo ni mimi."

"Ni huba yako, Bi," nikasema. Sijui kama mpimaji anaruhusiwa kusema hivyo. Nilisema.

Hakulia. Aliuliza Idarus yuko wapi. Nilipomjibu, alivaa buibui, akambeba mjukuu. "Twendeni. Ndia si ndefu."

Hapa kituoni alianza kumwomba Idarus radhi, naye hakumwacha amalize. "Nipe mtoto, Bi. Hata mimi ulinilisha huo uwanga, mamangu alipokuwa mgonjwa."

Niliyoyaona na kuyapima ni hayo. Nimesomewa, nimeyakubali.

Sahihi: R. Shuaib

Maoni ya afisa: Madi ameondoa mashtaka. Idarus ameachiliwa, ila bado hajaondoka. Maji ya maziwa yamechemshwa kwa birika la kituo. Niliosha birika mimi. Bi Mwanamkisi akaliosha tena. Chupani mmetiwa maziwa na maji tu. Mtoto ameimaliza yote mikononi mwa Idarus.

Koplo Ian