Ukikata Kushoto, Inazima

Jumatatu, 3 Machi

Pikipiki imenizimikia kwenye kona ya kanisa. Taa, honi, injini — vyote kwa mpigo! Nimeisukuma hadi nyumbani kwenye mvua. Ina umri mkubwa kuliko ndoa yangu na haijawahi kunifanyia hivi. Ndoa imewahi.

Mnunuzi anakuja Jumamosi. Tunahamia Llandudno, karibu na Mererid, dada wa mke wangu Glenys, kwenye nyumba isiyo na ngazi, maana magoti ya Glenys yamegoma. Haina ngazi, haina banda pia. Basi pikipiki iuzwe. Nilisema mwenyewe, tena upesi, kabla sijaulizwa. Glenys aliendelea kumenya viazi.

Siuzi kitu kibovu. Kesho natafuta ugonjwa.

Jumanne, 4 Machi

Jirani Gwilym kaja kusaidia bila kuitwa. Pikipiki yake ni ya kisasa, inakuambia mpaka baridi ya nje, kana kwamba mwenyewe hana ngozi. Nikaenda kuchemsha chai. Kurudi, kashafunga betri! Kauona waya unaokwenda kwenye bodi ya chuma, kaufunga kwenye hasi, kama magari ya leo. Hizi zetu za zamani ni kinyume — bodi ni chanya. Moshi kidogo, harufu kubwa.

Eti, "Lakini bodi si ni hasi siku zote, mzee?" Nikamwambia hapa bodi ni chanya, hasi ninayo mimi, na inakaribia kuwa hasira.

Fyuzi imeungua. Afadhali yenyewe. Gwilym kanywa chai yote.

Jumatano, 5 Machi

Fyuzi mpya, betri nimeigeuza. Imewaka! Imesimama hapo inanguruma, haina neno. Asubuhi nzima na testa ya umeme: swichi nzima, koili nzima, betri nzima. Wote wazima, mgonjwa hayupo. Kwa hasira nikasukuma usukani — kimya. Giza.

Kulia, inawaka. Kushoto, inazima. Nikarudia na kurudia, taa ikikonyeza, hadi Glenys akachungulia dirishani kuuliza kama kuna mwanamke ng'ambo ninayempa ishara. Nikamwambia ukikata kushoto inazima.

"Basi mwambie mnunuzi aishi kulia tu."

Alhamisi, 6 Machi

Nimetoa tangi la mafuta. Nyaya zinapita shingoni, pale usukani unapogeukia. Mmoja nje ni mzima kabisa, hata huudhanii; ndani nyuzi zimekatika. Usukani ukienda kushoto waya unavutwa, nyuzi zinaachana. Ukirudi, zinagusana tena kama hakuna kilichotokea. Huo ndio ugonjwa wote.

Glenys kaleta chai na mkate wa zabibu. Kasimama muda mrefu kwa mtu mwenye magoti yale.

"Ujuzi hauzeeki," kasema, "macho ndiyo yanazeeka. Iache, mzee wangu. Ikiwa mbovu, iwe mbovu."

Nikasema nitaitengeneza.

"Hata kama hakuna aliyekuomba?"

Ana haraka ya kuhama. Anadhani nachelewesha makusudi. Wala! Naumia kuiuza, naumia sana, lakini kuichelewesha sijaichelewesha. Naandika hapa kwa sababu karatasi haina majibu.

Ijumaa, 7 Machi

Waya mpya. Nimelehemu, nimefunga tepu, nimerudisha tangi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto — inawaka.

Glenys alikuwa dukani. Sijamwambia. Sikutaka kumwona akifurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika bandani, nimekalia ndoo. 

Mnunuzi kaja. Sioned, muuguzi kutoka Bala, helmeti mkononi, adabu tele. Kaizunguka, kainama kila mahali pa kuinama. Kapiga kiki moja tu, ikawaka. Nimejivuna na nimeumia, vyote pamoja. Kauliza, "Mzee, haina tatizo lolote?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti kutoka mlangoni. Glenys, na fimbo yake! "Inalo! Mwanangu, usidanganyike. Hebu geuza usukani kushoto uone."

Sioned kageuza. Taa ikawaka vilevile. Kageuza tena, mpaka mwisho. Inanguruma tu.

Glenys kanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo, na tumeishi pamoja miaka yote hii.

Sioned kacheka, kasema bibi kamweka roho juu. Kaomba aijaribu mpaka darajani. Nikasema nenda. Ningesema nini?

"Umeitengeneza," Glenys kasema.

"Si ilikuwa mbovu?"

"Nilikuambia uiache! Mererid kashahamisha kondoo wake, banda lake limefagiwa, liko tupu, linaisubiri pikipiki yako. Nilitaka huyu binti aondoke mikono mitupu, ndipo nikuambie."

"Mbona hukusema?"

"Wewe je? Mbona hukusema?"

Nimekuja huku kukaa kwenye ndoo. 

Inasikika sasa, inapanda kutoka darajani. Inarudi. Sauti safi, haikatiki hata kwenye kona ya kanisa — kazi ya mikono yangu, mpumbavu mimi! Nimechungulia. Glenys katoka na magoti yake yale hadi barabarani, kafunga lango, kasimama mbele ya lango na fimbo kaikamata kwa mikono miwili, kama anayesema haiuzwi tena.