Kiberiti Kilichokuwa Mfukoni mwa Ovaroli

Baba,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba sitaisikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema nimelelewa na upepo wa Same. Nimekalia kigoda chako hapa karakana. Umeme umekatika tangu asubuhi, grenda zimenyamaza, na nimeona afadhali niseme leo kuliko kuendelea kuzunguka nalo kifuani.

Nimefungua tumbo la mashine.

Haya, nimeshasema. Pale hospitali ulinishika mkono ukaniambia, "Naetwe, tumbo la mashine lisionekane. Funika." Nikajibu ndiyo, Baba. Ilikuwa ahadi yangu ya mwisho kwako, na sikufikisha hata msimu mmoja wa tangawizi. Usikasirike kwanza. Nisikilize, maana ndani yake kuna jambo ambalo hata wewe nadhani hukulijua lote.

Yule binti wa chuo unamkumbuka? Aliyekuja na dodoso, viatu vyeupe, vumbi likamfika magotini kabla hajafika mlangoni. Alitueleza kwamba kiwanda cha aina moja kikifanya utafiti, ujuzi wake huvuja ukaenda kunufaisha viwanda vya aina nyingine kabisa, uzalishaji ukapanda na wenye navyo hawajui wamshukuru nani. Wakubwa wanalipima jambo hilo kwa hesabu, akasema, lakini yeye alitaka kujua linatembeaje kwa miguu. Akakuuliza kama kuna ujuzi uliopata kutoka kiwanda cha aina nyingine. Ukamwambia, "Andika hakuna. Andika Mungu na mikono yangu." Akaandika, maskini, na chai ukampa. Mimi nilikuwa nachomelea stendi ya mashine pale pembeni, nikatikisa kichwa kukubaliana na wewe. Niliamini kabisa.

Basi ukaondoka. Wiki chache baada ya mazishi, Mama akakunja nguo zako, na kwenye mfuko wa ovaroli ya bluu akakuta kiberiti. Kitupu, hakina njiti hata moja, kimekakamaa kwa girisi. Baba, hujui ulituachia nini siku ile! Mama alikaa kitandani akakishika kama ameshika nyoka. Miaka yote mko safu moja kanisani kila Sabato, Ijumaa jua likizama karakana imefungwa, sigara kwetu ni mwiko, halafu leo kiberiti. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba yenu alikuwa anavuta?" Nikamwambia haiwezekani. Akasema mtu asiyevuta na asiyepika anatembea na kiberiti cha nini? Akakifunga kwenye kitambaa akakiweka chini ya godoro, na kwa miezi ile yote hakuwahi kulitaja jina lako bila kusita kidogo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko msiba wenyewe.

Tangawizi ikakomaa. Mama Eliamini, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kule Mamba, akashuka mlimani na mashine yao ya kumenya tangawizi, ile uliyowatengenezea, kwenye lori la mbao. Mashine ilikuwa haimenyi tena, inazungusha tangawizi tu na kuitema na maganda yake. Wenzake walikuwa wamerudia vijiko na visu, wanamenya kwa mkono toka alfajiri, na magunia yanawazidi, yameanza kuota ukungu. Akaniambia zile nyingine ulizovitengenezea vikundi vya jirani ziko hivyohivyo. Saba kwa jumla, Baba. Zote ulizifunga kwa kuchomelea, na aliyejua kilichomo ndani amelala makaburini.

Nilimzungusha siku mbili. Nikampa sababu za umeme, sababu za diski za grenda, sababu za kichwa kuuma. Mwishowe akaniuliza bila ukali wowote, mwanangu, hii siri inamlinda nani sasa? Nikachukua grenda.

Nilikata kifuniko nikilia, na miwani ikajaa ukungu, kwa hiyo nikakata vibaya. Ndani nikakuta dramu lako, pipa la chuma linalozunguka, na vyuma vyake vinane vya kukwangua ulivyovikata kwenye springi za lori. Vimekuwa butu kama kidole gumba. Nikasema kumbe ni hilo tu! Vimelika kwa kazi. Nikavitoa kimoja kimoja, nikavinoa mpaka vinanyoa nywele za mkono, nikavirudisha, nikamwaga maji, nikatia tangawizi. Ikatoka uji. Mama Eliamini alichota kiganjani akautazama, akaniuliza kama mashine sasa ni ya watoto wachanga. Nilicheka ili nisilie tena.

Hapo ndipo alipomtaja mtu ambaye jina lake halijatamkwa karakana hii tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Fundi Sefania wa Hedaru.

Najua umeshageuza uso. Utotoni mwangu nilisikia kwamba Sefania alikuibia ubunifu wa mashine ya kupukuchua mahindi, akaigeuza kuwa ya kukatia mabua ya ng'ombe, akawa anawauzia wafugaji wa tambarare. Ndiyo sababu ulianza kuchomelea vifuniko. Ulikuwa ukisema babu zako walifua majembe nyuma ya uzio wa migomba, na moto wa mhunzi haukopeshwi. Lakini Baba, tuambiane ukweli, mimi si mtoto. Unaikumbuka siku ya soko uliponituma Hedaru kununua vitunguu? Ulinielekeza ninunue kwa mama mmoja tu, ambaye meza yake ilitazamana na karakana ya Sefania. Niliporudi na kikapu hukuuliza vitunguu vimeoza au vizima. Uliuliza, "Beringi zake ameziweka wapi?" Nikakwambia nje ya boksi la mashine, mbali na vumbi. Mwezi ule ule beringi zako nazo zikahamia nje. Vitunguu tulikula wiki mbili.

Nilimpigia simu. Nilitegemea maneno makali, maana kwenye mazishi yako alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara, akaondoka kabla ya chakula. Aliniuliza swali moja tu, kama nimevinoa vile vyuma. Nikakubali. Akavuta pumzi, akasema anakuja.

Alifika kesho yake kwa basi, na mfuko wa spana begani. Amezeeka kuliko wewe. Akachungulia ndani ya dramu lako kwa muda mrefu, akapitisha kidole kwenye bamba la chini. Halafu akanieleza mambo ambayo hukuwahi kunieleza. Kwamba mlikuwa vijana wawili pamoja kwenye shamba la mkonge huko bondeni, wewe wa kupaka girisi, yeye msaidizi wa fundi kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge zibaki nyuzi. Kwamba wataalamu wa mkonge walihangaika misimu na misimu na vyuma vile: vikiwa vikali vinakata nyuzi, vikiwa butu na maji yakiwa ya kutosha vinakwangua nyama ya jani na kuacha nyuzi nzima. Walijaribu, wanaandika, wanabomoa, wanajaribu tena. Ninyi mlikuwa mnafagia pale chini, mnatazama.

Butu, Baba! Mimi nimekesha nanoa kitu kinachopaswa kukwangua kama kijiko.

Tukavitia ubutu upya kwa tupa. Sefania akakata kipande cha karatasi ngumu, akasema nafasi kati ya chuma na bamba kwenye mkonge ilikuwa unene huo. Tukapima, tukafunga, tukawasha. Maganda yakatoka, lakini tangawizi ikatoka imepondeka, inachuruzika maji. Tukarudia, ikawa vilevile. Sefania akaketi kwenye kigoda hiki akajifuta jasho. Akakiri kwamba kwenye mkonge anajua, kwenye tangawizi hajui, na kwamba wewe lazima ulikitafuta kipimo chako mwenyewe. Akaniuliza kama uliacha daftari. Hukuacha. Akauliza kama kulikuwa na kitu chochote ulichokuwa ukitembea nacho.

Nikasimama nikiwa na spana mkononi. Nilikimbia mpaka nyumbani nikiwa na ovaroli yangu mwilini, watu wa stendi ya mabasi wakidhani kuna moto. Nikainua godoro mbele ya Mama. Akaniuliza unakipeleka wapi hicho kitu, nikamwambia njoo na wewe uone.

Nilikilaza kiberiti chini ya chuma cha kwanza. Kikapita bila kusukumwa na bila kucheza. Ubavuni, chini ya girisi, kulikuwa na alama yako ya penseli, ile ya msalaba mdogo unayoweka kila mahali. Tukapanga vyuma vyote vinane kwa kiberiti hicho; kumbe kosa halikuwa ubutu, ni nafasi iliyopanuka vyuma vilipolika. Mama amesimama mlangoni na kanga yake, Mama Eliamini anashikilia bomba la maji. Nikawasha. Tangawizi ya kwanza ikaanguka kwenye beseni, nyeupe, nzima, na vidole vyake vyote.

Mama aliketi chini palepale kwenye vumbi la chuma. Alicheka, akalia, akakuita jina lako la nyumbani bila kusita. Akasema, "Kumbe alikuwa anapimia!" Basi, umesafishwa, Baba. Kiberiti sasa kipo kwenye kabati la vyombo vya wageni, na kila anayekuja kunywa chai anaonyeshwa, akitaka asitake.

Sefania alisubiri mashine izimwe. Kisha akaniambia maneno ambayo nimeyabeba tangu siku hiyo: "Baba yako hakuniibia, na mimi sikumwibia. Wote tulichukua kwenye mkonge, kila mmoja akaongeza chake. Tumenuniana bure."

Tangu hapo siwezi kutulia. Kila mashine naitazama nikijiuliza hii ilitoka kwa nani. Nimekwenda mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu kuangalia majiko ya kukaushia samaki, kwa sababu Mama Eliamini anataka kukausha vipande vya tangawizi kipindi cha ukungu mlimani, na nimekuta mama mmoja anayepitisha moshi kwenye bomba la pembeni ili joto tu liingie bila harufu ya moshi. Alijifunza kwa wachoma matofali. Nao sijui walijifunza kwa nani, nitawauliza. Nakumbuka shamba la bibi kule Chome, lile lililo chini ya ndiva, bwawa dogo la maji ya kumwagilia. Hatukuwa na zamu ya maji, lakini maharage yetu yalikuwa mabichi kiangazi chote, kwa sababu maji ya wenzetu yalipenya chini kwa chini. Hakuna aliyeyaiba na hakuna aliyetupa. Bibi alichofanya ni kupanda hapo.

Zile mashine sita zilizobaki niliogopa kuziendea peke yangu. Nikaitisha msaragambo. Kweli kabisa, msaragambo, kama wa kuchimba mfereji au kujenga shule, ila wa mafundi. Walikuja wa Hedaru, wa Mwembe, wa Kisiwani, na dereva mmoja wa trekta ambaye hakuna aliyemwita. Tulipanda Mamba siku ya Jumatano, akina mama wakapika makande, na tukafungua matumbo sita mbele ya watu wote. Mfugaji mmoja aliyekuwa amemsindikiza Sefania alitazama dramu akauliza kama chuma butu namna hiyo hakiwezi kupigapiga mabua yawe laini kwa ndama. Sefania akamgeukia kama amezinduka usingizini. Wameshaanza kujaribu. Kazi iliyokuwa inachukua siku tatu za vijiko sasa akina mama wanaimaliza kabla ya chakula cha mchana, na Mama Eliamini anaongea habari ya kununua mashine ya pili. Nimemwambia atasubiri, nina oda nyingine mbele yake. Oda, Baba. Nilidhani siri ikitoka tutafunga mlango.

Sitakudanganya kwamba sina hofu. Fundi mmoja aliyekuja kwenye msaragambo ameshatengeneza yake, ameandika jina lake kubwa kwa rangi nyekundu. Nilikuelewa siku niliyosikia. Nilitaka kuchukua waya nichomelee kila kitu mpaka madirisha. Nikaenda kuiona. Amegeuza mdomo wa kutolea uwe mteremko, tangawizi haigongi chini. Ni bora kuliko wetu. Nilinunua vitunguu njiani nikirudi, nikacheka peke yangu.

Yule binti wa chuo alipiga simu tena juzi. Alikutafuta wewe. Nilipomwambia umefariki alinipa pole, akauliza kama azifute karatasi zetu za dodoso. Nikamwambia asifute, arekebishe. Pale palipoandikwa hakuna, aandike mkonge, aandike Sefania, aandike vitunguu. Mungu na mikono yako aviache palepale, maana kipimo cha kiberiti hakuna aliyekupa.

Sasa umeme umerudi, nasikia feni. Niende.

Lala salama, Baba. Kuhusu ahadi, sikuitupa yote. Uliniambia nifunike na kila mashine inayotoka hapa ina kifuniko, kimekaa sawasawa, vumbi haliingii. Ila sichomelei tena. Nafunga kwa nati nne, namba kumi. Ni spana ambayo kila boda wa Same anayo chini ya kiti. Nakuahidi mbele ya Mungu, maadamu mikono hii inafanya kazi, haitakuwa namba nyingine.

Binti yako,
Naetwe