Kikapu Kinachopika Bila Moto

Kambi Muru, Kibera,
Nairobi.

Kwako Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Kabla hujaanza kulia, niko hai na viungo vyangu vyote ninavyo. Goti lako linaendeleaje? Mbaazi zilishika, au mvua imewachezea tena? Na Syombua wangu, anamsikia nyanya yake, au amekuwa mkaidi kama mamake? Simu yangu ilienda na wezi, ndiyo maana naandika. Barua hii nampa dereva wa lori la makaa anayepita hapo sokoni kwenu.

Mara ya mwisho uliniuliza kama nina akili timamu, kubaki huku watu wanachinjana. Nitakujibu, ila nivumilie, maana jibu lenyewe ni refu.

Kazi yangu unaijua, ile mnayonichekea huko, ya kuuza vikapu vinavyopika bila moto. Ni kiondo kikubwa nilichokijaza vitambaa chini na pande zote, na mto wa kufunikia juu. Githeri ya mahindi na maharagwe unaichemsha kidogo jikoni, unaingiza sufuria kikapuni, unafunika, na joto lake lenyewe linamalizia kazi. Nyinyi Kitui mnakata miti mnachoma makaa, mimi huku nawafundisha wanawake kuyaokoa. Iko siku tutakosana. Vitambaa nilikuwa nikipewa na Wambui, fundi wa kushona, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kwao ni Murang'a. Mumewe ni Njoroge, fundi wa viatu, na wana mabinti wawili wadogo. Mabaki ya nguo alizoshona ndiyo yaliyokuwa mtaji wangu, na nusu ya chumba changu ilijaa magunia yake hadi darini. Tulikaa hivyo miaka mingi, tukiombana chumvi na kuwasengenya wateja.

Matokeo ya kura yalipotangazwa, kibanda cha Njoroge, kwa kuwa ni Mkikuyu, kilikuwa cha kwanza kuwaka. Muuza maziwa wa hapo kona alikatwa shingo mbele ya mlango wake, akalala pale kutwa nzima kwa sababu hakuna aliyethubutu hata kumfunika. Siku hiyo hiyo Njoroge aling'oa bati moja la ukuta wetu, wakapita wote wanne wakaingia kwangu, nami nikawapanga nyuma ya magunia kama mzigo. Hawakuwa wamekaa vizuri tulipowasikia vijana wakivunja mlango wao. Cherehani ya Wambui ilibebwa ikipita mbele ya dirisha langu, na yeye akaiona kupitia mwanya. Alinishika mkono tu.

Kuwalisha ndiko kulikuwa kazi. Makaa yalikuwa yameadimika kwa sababu malori hayaingii, na vijana walikuwa wakinusa nyumba moja baada ya nyingine. Moshi wa muda mrefu ulimaanisha sufuria kubwa, na sufuria kubwa ilimaanisha umeficha watu. Mama mmoja wa mstari wa chini alichomewa nyumba kwa ajili ya maharagwe. Mimi nilikuwa nawasha jiko kidogo, kama mtu anayechemsha chai yake, kisha naficha sufuria kikapuni. Mara mbili walikuja wakashika jiko langu, wakalikuta limepoa, wakaenda zao. Nilijisifu, Mwaitu. Nilijiona mjanja kuliko Nairobi nzima.

Kisha wakaja tena, mchana jua likiwaka, kundi zima. Aliyewaongoza namjua, na mama yake namjua zaidi, kwa sababu tunaimba pamoja kanisani. Jina lake sitaliandika hata hapa. Alikuwa ameshika panga, sauti imemkauka kwa kupiga kelele, macho mekundu. Wenzake walipekua chini ya kitanda. Yeye alichoka akatafuta pa kukaa, akakalia kikapu.

Alikaa kidogo, kisha akanyanyuka akajishika nyuma, akaniita mama kwa lugha yao ya mtaani.

"Mathe, hii kiti yako mbona iko na moto?"

Mwaitu, hapo ndipo ningesema ninaumwa mgongo, naukanda na maji moto. Ningesema chochote. Lakini nimeuza vikapu hivyo pale kituo cha 56, Kawangware, hadi maneno yanatoka yenyewe, na hofu ilipokifunga kichwa changu, ulimi ukaendelea na biashara.

"Si kiti, ni kikapu ya kupika," nikamwambia. "Githeri inachemka kidogo tu, unaweka ndani, inajipika bila makaa. Na hiyo sufuria inashibisha watu watano."

Akafunua mto, akaangalia ile githeri inavyotoa mvuke, akaniangalia mimi na kitanda changu kimoja na kikombe changu kimoja.

"Hao watano wako wapi?"

Nikasema ni maneno ya sokoni tu, mimi nakula kidogo kidogo siku tatu. Aligeuka akachoma gunia la kwanza kwa panga, akalichomoa. Akachoma la pili. La tatu alilichoma kwa nguvu zake zote, panga likazama hadi kwenye mpini, na mimi nikaona gunia likishtuka kidogo. Hakuna sauti iliyotoka. Alipolivuta, panga lilipita katikati ya zile nguo zote zilizobanana, zikalipangusa njia nzima. Akaligeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa safi.

Wakabeba sufuria wakaondoka, wakiila githeri kwa mikono njiani.

Panga lilikuwa limemwingia Wambui pajani, juu kabisa. Alikuwa ameuma kitambaa akambana binti mdogo kifuani, na damu yote ilikuwa imenywewa na mabaki yake mwenyewe, hata sakafuni hakuna tone. Njoroge alikuwa ameshikilia binti mkubwa kwa mkono mmoja na mdomo wake mwenyewe kwa mkono mwingine. Nguo zile zilikuwa zimeziba kila kitu. Njoroge hakuiona sura ya mtu yule, na ile sauti iliyokauka aliisikia kwa mbali tu, hakuitambua.

Nilimfunga paja kwa nguvu, nikamlaza kwenye mkokoteni wa maji, nikamfunika na magunia. Njoroge hangeweza kutoka, wangemmaliza mlangoni. Nikausukuma peke yangu. Kwenye kizuizi cha matairi yanayoungua vijana waliniuliza nabeba nini, nikasema vitambaa, nikapita. Nilikuwa nikimwongelesha Wambui njia yote bila kugeuka, nikimwambia tumekaribia mtaa wa Highrise, huko kuna askari, kuna magari. Mwanzoni alikuwa akiitikia. Langoni pa Nyayo Highrise mlinzi alifunua gunia, akalifunika tena polepole, akaniambia nikae chini. Nililia hadi nikatapika.

Polisi ndio waliomtoa Njoroge na watoto. Mabinti wako kwa nyanya yao Murang'a. Njoroge mwenyewe aliingia Kawangware, na Kawangware ilikuwa Kibera iliyogeuzwa, waliokuwa wakikimbia huku ndio waliokuwa wakikimbiza kule. Nilipoanza tena kuuza pale 56, nilimwona kinyozi mmoja Mluo akitolewa kwenye kiti chake na mashine ya kunyolea bado mkononi. Walimpiga rungu hadi akaacha kusogea, na Njoroge alikuwa miongoni mwao. Sikumtambua hadi alipogeuka.

Alikuja mezani pangu bado akihema.

"Hawa wengine siwataki," akasema. "Huyo kinyozi hata simjui. Nipe jina la yule mmoja, Mama Syombua, niweke hii kitu chini nirudi kwa watoto."

Nikamwambia simjui. Anajua nadanganya. Tangu siku hiyo huja karibu kila siku, anasimama kando ya vikapu vyangu, anangoja. Hanigusi. Mchumba wa msusi wa kibanda cha jirani ananiambia Njoroge ameacha kwenda na lile kundi, kazi yake sasa ni kuningoja mimi.

Na yule wa hapa Kibera? Wakubwa wa siasa waliposhikana mikono kwenye runinga, alikuja mlangoni kwangu amenyoa, amevaa shati safi. Niaje mathe, akanisalimu. Mama yake anataka kikapu kama kile, makaa yamepanda. Nilikuwa nimeapa kunyamaza, Mwaitu, lakini nilimwona amesimama pale pale na nikashindwa. Nikamwambia nyuma ya gunia la tatu alikuwa Wambui, aliyemshonea suruali yake ya shule, na tumeshamzika. Alitazama mkono wake wa kulia.

"Mathe, panga ilitoka safi," akasema. "Si uliona? Ilitoka safi."

Akaondoka bila kikapu. Mama yake ameniuliza kanisani kwa nini mwanawe hali chakula, na nikamwambia labda ni malaria. Yule mama ana mabinti watatu, na wanalala chumba kimoja na huyo kijana; Njoroge akimfuata usiku hatachagua.

Nisalimie kaka yangu Mutua na mkewe, na shangazi wa kule mtoni. Mkumbatie Syombua, mwambie mamake ana hamu naye mpaka kifua kinauma. Na Baba akiuliza tena kwa nini sipandi basi nikaja, mwambie Njoroge hajamgusa mtu tangu aanze kuningoja nimtajie jina. Siku atakapoikuta meza yangu haina mtu, mtu yeyote wa kabila la yule kijana atamtosha.

Ni mimi, mtoto wako anayekupenda na anayeogopa,

Mwende