Mgongo wa Papa Marcellin

Jumatatu, 8 Aprili 2024

Mvua: milimita 14. (Kazi ni kazi. Kituoni napima mvua kila asubuhi saa moja, siwezi kuanza ukurasa wowote bila kuiandika.)

Nimejiharibia mwenyewe! Jana baada ya misa, Papa Marcellin alinishika bega mbele ya ukumbi wa parokia. Baba yake Bibiane, mchumba wangu. Miaka miwili namwomba siku moja tu, familia yangu iende kujitambulisha kwake Nguba. Miaka miwili ananijibu kwamba ataangalia. Aliongoza shule miaka thelathini, na bado anakutazama kama mtu aliyesahau daftari nyumbani.

Akaniuliza kama nimejiandikisha kwenye mbio za jubilei. Kilomita ishirini na moja, kufuata ziwa, Nguba hadi Bagira na kurudi. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimejiandikisha popote! Mdomo ulijibu peke yake.

— Muzuri, akasema. Na miye minakimbia. Mutu unamuyulia mu njia. Tukimaliza, nitakupatia date.

Mtu unamjulia njiani, ati! Watu kama kumi walisikia. Papa ana miaka sitini na tatu na tumbo la heshima. Mimi nina thelathini na moja, na tumbo langu linafuata mfano wake. Lakini date, siku yenyewe! Ametaja date! Bibiane alinipigia simu jioni akicheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua: 22.

Mazoezi ya kwanza. Nilipanga kutoka kwetu Muhungu hadi Nyawera. Nilikimbia hadi kwenye kona, njia iliyobaki nikatembea na uso wa mtu aliyekwisha kukimbia.

Shida ni kwamba hapa kwetu mtu mzima akikimbia, watu hawaulizi sababu. Wanafunga duka kwanza. Mama mmoja muuza ndizi aliponiona nakuja mbio alibeba beseni lake akakimbia mbele yangu, na wenzake wawili wakamfuata. Tukawa wanne. Alikimbia vizuri kuliko mimi. Tulipofika juu akaniuliza, akihema, kuko nini huko chini? Nikamwambia ni sport. Alichonijibu sikiandiki.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua: 9.

Nimempigia Tonton Raphaël, Walungu. Ni mdogo wa marehemu baba, ndiye atakayeongoza familia siku ikifika. Nilidhani atafurahi. Alifurahi dakika moja, kisha akakumbuka jambo.

— Lakini hautamupita?

— Kama anaenda polepole, Tonton...

— Utamupita mukwe wako? Umutolee mugongo mbele ya batu? Hugues, weye uko mutu ao uko mbuzi?

Basi sheria ni hii: nikae nyuma yake. Akitembea, nitembee nyuma. Akisimama, nisimame nyuma. Nikamuuliza, na kama ni mzito kabisa? Akasema nimshukuru Mungu, sitachoka.

Kwa kweli imenipa faraja. Hakuna mtu atakayenicheka nikiwa wa mwisho. Ni heshima.

Alhamisi, 25 Aprili

Mvua: 31.

Papa ameniita kwenye simu ya Bibiane. Weye mutu wa mvua, dimanche itanyesha? Nikamjibu kwamba mawingu yote yatavuka kwenda upande wa Idjwi, Jumapili itakuwa kavu. Nilisema kwa sauti ya mtaalamu. Sisi tunapima mvua iliyokwisha kunyesha! Ya kesho hatuijui kumshinda mbuzi wa jirani. Lakini mkwe amekuuliza, utasema haujui?

Jumapili, 28 Aprili

Mvua: 63! Sitini na tatu! Mwenzangu wa zamu hakungoja kesho saa moja, amenipigia kuniambia chombo kimejaa.

Naandika nimelala. Mikono tu ndiyo inayofanya kazi.

Ilianza wakati padri anatubariki. Sisi watu kama mia mbili, wote tumevaa tisheti za njano za jubilei, namba zetu za karatasi kifuani. Papa alitazama mbingu, kisha akanitazama mimi. Kipenga kikalia.

Muhumba hatujaimaliza, nusu ya watu walikuwa wamerudi nyumbani. Ziwa lilikuwa linarusha maji hadi barabarani, na juu yanamwagika mengine. Namba za karatasi ziliyeyuka. Nyawera watu wamejazana chini ya vibaraza vya maduka, wakavu, wanatupigia makofi na kutupa pole kama wafiwa. Sisi wawili tulikuwa wa mwisho tayari. Na mimi nyuma ya Papa, hatua kumi, kama nilivyoagizwa.

Ule mgongo nimeujua leo. Tisheti imegandamana, ndani singleti yenye matundu mawili, moja chini ya bega. Kila baada ya muda anageuka kunitazama. Mimi nainamisha kichwa kwa heshima. Anakunja uso, anaongeza mwendo. Mara akanipungia mkono. Na mimi nikampungia.

Place de l'Indépendance akasimama kufunga kamba za kiatu. Nikasimama, nikafunga zangu. Akazifungua akafunga tena. Na mimi.

— Pita, Hugues.

— Apana Papa. Nyuma yako kuko muzuri.

— Minasema pita!

— Siwezi, Papa. Heshima.

Akanitazama muda mrefu, maji yanamtoka kwenye nyusi. Halafu akakimbia. Alikimbia! Sijapata kuona tumbo lile likienda namna hiyo.

Kutoka pale pikipiki ikaanza kutufuata taratibu, motard amevaa koti la mvua la bluu. Nilidhani ni ya waandaaji, ya kuokota wanaoanguka. Nikaona wamejipanga vizuri.

Njia ya Bagira ilikuwa tope tupu. Mwisho wa kwenda tulimkuta katekista mmoja chini ya mwavuli, anatia alama ya kalamu mkononi kwa kila anayefika, kwa sababu namba hazipo tena. Alitutia alama akasema sisi ndio wa mwisho, anaenda kula. Papa akamuuliza kama ni lazima kurudi kwa miguu. Katekista alicheka. Papa hakucheka.

Kurudi, kilomita ya kumi na tano hivi, shavu la mguu wangu wa kushoto lilikaza kama jiwe. Nikaruka mguu mmoja. Nikatembea. Mgongo wa njano ukawa mdogo, kisha mvua ikaumeza. Hapo niliogopa, kwa kweli. Mzee wa miaka sitini na tatu atafika, mimi sitafika. Atasema ameniona njiani na amenijua. Miaka miwili! Na Bibiane amengoja bila kuniletea neno moja la lawama. Nilikaa kwenye jiwe nikalia, sina haya ya kuliandika, mvua ilinificha.

Pikipiki ikasimama.

— Grand frère, panda. Ule papa alinicommandaka tangu jana, nimungoyee ku Place, nimubebe mpaka Muhumba. Saa hii anapita ananiangalia tu. Juu yako, anasema! Uko namufuata sawa polisi!

Papa! Prezidan wa wanaume wa parokia! Alikuwa ameagiza pikipiki, ajifiche Place, kisha apelekwe karibu na mwisho. Alikuwa ananipungia nipite ili apande. Na mimi nainamisha kichwa!

Motard anaitwa Akonkwa. Akasema amekwisha kupoteza asubuhi yake, afadhali abebe mmoja wetu.

Nilipanda.

Haya, nimeandika. Nilipanda, akanifunika koti lake, akanibeba kama kilomita mbili. Penye mzunguko wa Brasserie, mama wauza mikate walituona. Njano ilionekana chini ya koti. Walipiga kelele: mukimbiaji ku moto, ku pikipiki! Nikaficha uso mgongoni mwa Akonkwa. Akanishusha nyuma ya lori la mchanga. Mguu ulikuwa umelegea, nikakimbia.

Papa alikuwa mita hamsini mbele, anatembea, anaangalia kushoto na kulia, anatafuta pikipiki yake. Akageuka akaniona. Ule uso! Kama aliyeona mzimu wenye tisheti. Akaanza tena kukimbia, na hakusimama hadi Nguba.

Mwishoni hapakuwa na kitu. Upepo umeangusha tao, viti vimekusanywa. Bibiane na mamake, Maman Clémence, chini ya mwavuli mmoja, na padri amevaa buti. Papa wa pili kutoka mwisho, mimi wa mwisho. Padri alimvika medali. Papa akakaa chini ndani ya maji kabisa akamuuliza mkewe: yote? Nimekimbia yote? Maman Clémence alimtazama kwa namna ambayo nimeielewa mimi peke yangu.

Kisha, bado amekaa, akanionyesha kidole.

— Samedi, le onze mai. Leta batu yako.

Jumamosi, tarehe kumi na moja Mei! Bibiane alirukaruka na mwavuli. Nina date! Nina date na nina aibu. Zote mbili zimelala na mimi hapa kitandani.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua: 3. TATU! Ingesubiri siku moja tu!

Nimeshuka ngazi za kituo kinyumenyume.

Jumapili, 5 Mei

Mvua: 11.

Misa. Padri amemwita Papa Marcellin asimame: mkimbiaji mzee kuliko wote, mfano kwa vijana. Makofi. Papa alisimama na medali shingoni, juu ya tai. Macho yalimlegea. Nimemwona akiwa na furaha, si ya kujidai, ya mtoto. Nadhani hakujua kwamba anaweza.

Halafu tulipotoka nikasikia wanaume wawili nyuma yangu wanacheka. Anaweza, kwa nini asiweze, na pikipiki? Mama wa mikate walimwona. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa mwisho, na kijana hawezi kufanya hivyo, basi ni nani?

Kijana hawezi kufanya hivyo. Walisema hivyo hivyo.

Jumatano, 8 Mei

Mvua: 0.

Bibiane amekuja kituoni. Ni vibaya. Parokia nzima inasema. Mtu amebandika kwenye mlango wa ukumbi picha ya pikipiki yenye medali. Papa hatoki nje tangu juzi, medali ameitia kwenye droo. Anataka kuahirisha Jumamosi, kwani hawezi kupokea wageni mtu anayeitwa mwongo. Maman Clémence mwenyewe anamuuliza kila asubuhi, kwa upole: niambie tu mimi, ulipanda? Kwa sababu yeye anajua mpango ulikuwepo!

Nimeona shimo alilomo. Amekimbia kweli, kila hatua, na hawezi kujitetea. Akimtaja Akonkwa, anakiri kwamba alimwita. Na Akonkwa ameenda Shabunda kutafuta dhahabu, simu haipatikani. Katika mji mzima, anayejua ukweli ni mimi.

Bibiane ameniuliza: weye ulikuwa nyuma yake njia yote, si ndiyo? Nikasema nilikuwa nyuma yake. Si uongo. Lakini niliposema nilijichukia.

Akafurahi. Akarudi kumsihi asiahirishe.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua: 17. Hakuahirisha. Tonton Raphaël amefika na suti ya arusi yake mwenyewe. Sijala.

Jumamosi, 11 Mei

Sijui mvua. Leo ni mara ya kwanza sikupima.

Niko nyuma ya nyumba, Nguba, kwenye kibaraza cha jikoni, nimekaa juu ya gunia la makaa. Muoaji hasemi siku ya kujitambulisha, wakubwa ndio wanaosema. Walinisalimia, wakanitoa nje. Dirisha la saloni, walimokaa wageni, liko wazi. Nasikia yote.

Mwanzo ulienda vizuri. Tonton alitaja ukoo wetu hadi mababu wanne, akaruka yule mwenye kesi. Wakacheka. Fanta zikafunguliwa. Kisha Tonton akataka kumfurahisha mwenyeji. Akasema wamesikia hadi Walungu kwamba Papa ni mwanariadha. Akauliza kwa utani: wa miguu ao wa magurudumu?

Chupa moja iliwekwa mezani.

Nikamsikia Papa anasimama. Nimezoea ile sauti ya viatu. Akasema, bila hasira, kwamba katika maisha yake amefanya mambo ambayo hawezi kuyasema kanisani. Na siku ile, asifiche, alikuwa na wazo baya. Lakini alikimbia. Yote, kwa miguu hii. Ni jambo gumu kuliko yote aliyofanya, na sasa kila mtu anamcheka kwa lile moja tu lililokuwa la kweli.

— Kuko mutu moya tu aliniona, akasema. Muniitie mukwe wangu. Aseme mbele yenu kama nilipanda. Na kama si miye, aseme ni nani.

Mukwe wangu! Amesema mukwe! Miaka miwili nangoja hilo neno.

Bibiane amekuja mbio, amesimama mlangoni, kitenge kipya, uso mzima unang'aa. Umesikia vile amekuita? Kuya, useme tu alikimbia, inaisha. Nimemwambia akae kwanza. Hataki. Anasema wote wanangoja. Ninaandika ili nisimtazame machoni. Kutoka ndani Papa ameita mara ya pili, Hugues, na nimesikia Tonton anajibu kwa fahari kwamba kijana wetu hajui kudanganya. Nimemwambia Bibiane tena akae. Ameacha kucheka. Amesogeza gunia la pili, anakaa, ananiuliza kuna nini. Naweka kalamu chini, nimwambie yeye kwanza ni nani aliyepanda.