Siku Uliyowapeleka Watoto Sokoni Embu

Wawira mwenzangu,

Wamenipa darasa lako. Kidato cha Tatu, lile la dirisha linaloangalia migomba. Nimelitamani tangu tuajiriwe pamoja hapa Manyatta, na nimelipata kwa sababu umekufa.

Jumatatu nilianza somo la ngazi za miji. Nikaandika ubaoni kama kila mwaka: mji mdogo, mji, jiji, kisha jiji kuu lenye watu zaidi ya milioni kumi. Mukami wa dawati la mbele akainua mkono. "Madam, Mwalimu Wawira alisema tusihesabu tu wanaolala mjini. Tuhesabu na wanaoufuata."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Wivu ukanishika. Nani humwonea wivu mtu aliye kaburini? Mimi.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukiwauliza: Manyatta mnaenda kutafuta nini? Chumvi, sabuni. Embu je? Sare za shule, daktari wa macho. Na Nairobi? Pasipoti. "Basi miji mmeshaipanga wenyewe," ungesema, nao wangecheka. Mimi niliyetoka Mikinduri, niliyekushinda alama chuoni, sijawahi kulichekesha darasa hata mara moja.

Sasa nisikilize. Siku ile uliyowapeleka sokoni Embu wakamuulize kila mchuuzi anakotoka, walirudi wakiimba. Mmoja alikuwa amepewa embe na mama wa kutoka Kiambere, akanionyesha kwenye ramani njia yote ambayo embe hilo lilipitia. Niliingia ofisini kwa mwalimu mkuu kabla hawajanyamaza. Nikamwambia umewatoa shuleni bila barua za wazazi. Ilikuwa kweli, lakini si ukweli ulionipeleka huko.

Ukapewa barua ya onyo, ukakatazwa safari. Ulikuja mezani kwangu ukilia. "Gatwiri, ni nani anaweza kunifanyia hivi?"

Nikakumiminia chai. Nikasema, "Watu ni wabaya."

Ukainywa. Ukanishukuru.

Halafu figo zikakuangusha, na pale hospitalini ukawa unaniulizia mimi kwa jina. Nilikuja mara mbili tu. Siku ya mazishi, wanafunzi wako wa zamani walijaa mpaka ndani ya shamba la majani chai, nami nimeshika maua, nikiwaza: mimi nikifa, atakuja nani? Mbele ya jeneza lako, Wawira. Nisamehe.

Jana nilimwambia mwalimu mkuu kila kitu. Akauliza, "Na yeye alijua?"

Sijui. Hilo ndilo linalonitafuna. Akaitoa barua ya onyo kwenye faili yako, akaichana. Mimi hakunikaripia, afadhali angenikaripia.

Ijumaa nitawapeleka watoto sokoni, wazazi wameshaandika ruhusa. Najua watakutaja kila hatua, na kila ukitajwa itanichoma. Wacha inichome. Nitafundisha kwa njia yako, na nitawaambia ni yako.

Jumamosi nitapanda mpaka kwa mama yako. Tangu tukuzike ananiita binti yake, ananiwekea ndizi za kubeba. Nitamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, nikiwa nimesimama, kabla hajanipa kiti. Nakuahidi hivyo. Akinifukuza, nitaondoka bila kujitetea. Ana haki ya kujua ni nani huyo anayemwita mwanawe.

Pumzika, mwenzangu.

Gatwiri